Mkono Mmoja, Visa Vinne

4 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Nipe shikamoo yangu kwanza, mimi ndiye mkubwa. Marahaba. Sasa tuendelee.

Usishangae mwandiko. Hizo herufi zinazoyumba kama walevi waliotoka harusini ni kazi ya mkono wa kushoto. Wa kulia nimeupa likizo. Umenitumikia tangu nilipoanza kushona viatu, umepigwa nyundo kuliko misumari yenyewe, nikaona nao ujilaze kidogo ndani ya plasta. Kisa chake ni cha aibu: nilipanda kigoda nitafute sukari juu ya kabati, kigoda kikajiuzulu, nikashuka bila ngazi. Kifundo cha mkono kikapata ufa. Ufa tu, tafadhali. Wewe ungesema nimevunjika ili upate cha kulilia.

Ningekupigia simu, lakini kwa masikio hayo uliyonayo, kukupigia simu ni kuzungumza na ukuta uliokasirika. Mara ya mwisho mtaa mzima ulipata habari za kikohozi changu isipokuwa wewe. Halafu simu yenyewe siku hizi anakaa nayo Kishindo. Anasema naitumia ovyo.

Kishindo wetu hajambo. Ukimwona leo huwezi kuamini ndiye yule yatima tuliyeachiwa na marehemu dada, wewe ukimshonea kaptula, mimi nikimshonea viatu, naye akiviua kabla ya Ijumaa. Sasa ni mlinzi wa ghala, ana kofia na rungu. Tangu kiharusi kiuchukue mguu wangu yeye ndiye mpishi wangu, muogeshaji wangu, na mfungaji wa mlango. Akienda kazini anafunga kwa nje. Nadhani anaogopa nitatoroshwa na wanawake. Barua hii naipitisha dirishani kwa muuza mkaa, jirani yangu. Yeye ndiye posta yangu, na stempu analamba mwenyewe.

Usije. Najua umeshaanza kutafuta begi. Kaa na magoti yako.

Ni mimi kaka yako,
Msumari


12 Machi

Kaka Msumari,

Shikamoo. Umeipata, sasa nyamaza unisikilize.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka mpaka wateja wakadhani cherehani imenichoma. Ya pili nikaacha chakula mezani.

Mimi nakujua. Baba alipokuwa akivua mkanda, wewe ndiye uliyekuja kunitafuta nyuma ya nyumba, mgongo umechorwa mistari, unaniigizia jinsi mzee alivyokuwa akihema. Nilicheka huku nalia. Ukiwa mzima kabisa, kaka, wewe ni mtu wa kuchosha: unaniandikia kurasa nne za soli na gundi. Barua hii haina soli hata moja. Vichekesho vitupu.

Kwa hiyo nijibu bila madoido. Mtu ambaye mguu mmoja umegoma alipandaje kigoda? Sukari gani hiyo, na daktari alikukataza mwaka juzi mbele yangu? Mlango ukifungwa kwa nje, ufunguo wa pili anao nani? Moto ukishika nyumba, utatokea dirishani kama barua?

Na usinijibu kwamba nimekuwa bibi mwenye wasiwasi. Bibi nimekuwa zamani. Kishindo nampenda kama niliyemzaa. Ndiyo maana nauliza.

Mdogo wako,
Sindano


20 Machi

Sindano,

Umechoma, jina lako halikukosewa. Ngoja nikupe habari za kufurahisha, maana mwezi huu mimi ni mtu wa kutembelewa. Rais gani anapata wageni watatu wa serikali katika wiki mbili?

Wa kwanza si mgeni hasa, mimi ndiye nilikuwa mgeni wake. Ni Sista wa chumba cha vidonda pale zahanati, mama mmoja ana mikono baridi na macho ya moto. Aliponifunga plasta aliuliza nimeumiaje. Nikamwambia nilikuwa nacheza dansi na kiti, kiti kikanikanyaga. Alicheka mpaka akapoteza mkasi.

Wa pili akaja nyumbani, binti wa ustawi wa jamii, anapita kuwaangalia wazee wa mtaa. Ana mkoba mkubwa kuliko yeye. Akaniuliza swali lile lile. Huyo nikampa la heshima: nimeshindana nguvu za mkono na mtoa roho, nikamwangusha, lakini jamaa ana kiganja kigumu. Akacheka, akaandika nyumba ni safi, mzee mchangamfu. Nyumba ni safi kweli. Kishindo anadeki kama ana ugomvi na sakafu.

Wa tatu, askari kutoka kituoni, yule wa kesi za watu wanaoumizwa majumbani. Muuza mkaa ana mdomo, alisikia kelele siku ile ya mkono, akaenda kupeleka maneno. Nikamwambia askari, andika: mtuhumiwa ni mjane wa nyumba ya pili, alinivuta mkono nikamuoe, mimi nikavuta upande wa uhuru. Akaandika! Kwa herufi kubwa! Wote wawili walipokuja, Kishindo alisimama nyuma ya kiti changu kama tunapigwa picha.

Unaijua sheria yangu, kichekesho hakirudiwi. Ukimpa mtu kilichotumika ni kama kumuuzia kiatu cha marehemu. Kila mmoja na chake, kipya, kimekatwa kwa kipimo chake.

Mengine hayana uzito. Nalala sana. Kishindo ananipa vidonge viwili vya kutuliza pamoja na chai kabla hajaenda kazini, nafumba macho, nikifumbua karudi. Siku inapita bila kunisumbua. Barua hii naiandika kwa sababu leo nimevitema. Fimbo yangu ameiweka juu ya boriti, iko kule inatazama mandhari.

Ufunguo ni mmoja. Umeuliza, nimejibu.

Kweli, akichoka ana mkono mzito. Nani hana? Zamu ikiangukia usiku anakesha ghalani, asubuhi anarudi anamkuta mzee amemwaga ndoo ya haja. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, Sindano. Wakimfunga huyu, mimi wananipeleka kwenye makao ya wazee, nitandikiwe kitanda karibu na mtu anayekoroma, nisubiri kufa kwa foleni. Huyu ndiye mtu wangu. Sina mwingine nyumba hii.

Basi tuache. Hayo ya mwisho ningeyafuta, lakini mkono wa kushoto bado haujajifunza kufuta.

Msumari


27 Machi

Kwa Sista wa chumba cha vidonda,

Salamu kwako na kwa wote mnaofunga watu wasimwagike. Hunijui. Aliyekuletea barua hii ni muuza mkaa, na mimi ni mdogo wake yule mzee fundi viatu aliyekuambia kiti kimemkanyaga.

Sikuombi siri za mgonjwa wako. Naomba nikupe zangu.

Kaka yangu hasemi uongo ili kudanganya, anausema ili watu wasimhurumie. Na kichekesho kimoja hampi mtu wa pili. Wewe umepewa kiti. Binti wa ustawi kapewa mtoa roho. Askari kapewa mjane. Mimi, niliyenyonya naye ziwa moja, nimepewa sukari juu ya kabati. Mkono ni mmoja, Sista, na visa ni vinne. Kila mmoja wetu amecheka, akarudi na kicheko chake ofisini kwake, au kwenye cherehani yake, naye akabaki ndani, mlango umefungwa kwa nje.

Anapewa vidonge viwili asubuhi alale mpaka jioni. Vya nani, vya nini, mimi sijui, wewe ndiye utajua. Fimbo yake imewekwa asipoweza kuifikia. Ufunguo ni mmoja na anao anayemuumiza.

Nakuomba kitu kidogo. Nyinyi watatu mkae chumba kimoja, kila mtu atoe kichekesho alichopewa, akiweke mezani kama kipande cha kitambaa, muone kama vinaungana. Na mumuulize akiwa peke yake, asimamiwe na mtu nyuma ya kiti.

Anayefanya haya ni mtoto wangu pia. Nilimshonea sare yake ya kwanza ya shule. Barua hii nimeiandika, nikaichana, nikaiandika tena. Ukiiona imelowa hapo chini, ni maji ya pasi.

Sindano, mshonaji


3 Aprili

Mama yangu, shikamoo.

Barua imefika salama, na aliyeileta alikataa kukaa mpaka aone nimeifungua.

Habari za mgonjwa siwezi kukuandikia, na wewe hukuziomba, nakushukuru. Nikueleze kazi yetu tu. Hapa zahanati mimi naona kidonda. Wenzangu wa ustawi wanaona nyumba. Polisi wanaona malalamiko. Mtu ni yule yule, tunapokezana yeye bila kupokezana habari zake, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayejua zaidi. Nimempigia simu afisa ustawi, bila kutaja jina la mtu, kumwuliza kama tunaweza kukaa pamoja.

Nitaanza kwa kumwomba yeye mwenyewe ruhusa nizungumze na wenzangu. Ni mtu mzima, ana akili zake, mambo yake ni yake. Lakini ujue pia, mama, mtu akiwa katika hatari sheria ya kazi yetu hainiruhusu kunyamaza hata akikataa.

Tutamwona hapa, si nyumbani. Ana siku ya kukaguliwa plasta. Hivyo vidonge tutaviangalia. Na kama itabidi alale wodini kwanza, kitanda kipo.

Naomba usimwandikie lolote kuhusu hili. Barua huweza kusomwa na mwingine. Najua ni kazi ngumu kumficha kaka yako jambo lake. Nimeona ulivyoandika.

Nakuombea usingizi.

Wako,
Muuguzi, chumba cha vidonda


11 Aprili

Sindano,

Salamu sina. Nimezitafuta mfukoni sikuziona.

Ulikuwa unajua. Niko wodini, nimevaa gauni lisilo na mgongo, na muuguzi amenipa karatasi ili niache kumsumbua. Kaa nikueleze ulichofanya.

Wiki iliyopita, Kishindo aliponileta kupimwa presha, Sista aliniita pembeni, akaniuliza kwa adabu zote: "Baba, unaniruhusu nizungumze habari zako na wenzangu wa ustawi na polisi?" Mimi na ujinga wangu nikadhani sifa zangu zimevuka kuta za zahanati. Nikamwambia, "Zungumza mwanangu, usiwanyime watu raha." Nikatia saini ya kushoto.

Jana Kishindo akanileta tena, kukaguliwa plasta. Yeye akaambiwa asubiri kwenye foleni ya dirisha la dawa, mimi nikasukumwa ndani kwenye kiti cha magurudumu. Nawakuta wamekaa kati ya mzani na kabati la bandeji: Sista, binti wa ustawi na mkoba wake, askari kofia magotini. Hadhira yangu yote chumba kimoja! Nikawaza, leo nitawaua kwa kicheko.

Sista akaanza. "Baba aliniambia alikuwa anacheza dansi na kiti, kiti kikamkanyaga."

Binti wa ustawi akacheka, halafu akakiacha kicheko njiani. "Kwangu alisema alishindana nguvu na mtoa roho."

"Ala!" Askari akaruka. "Na mimi nimemhoji mjane!"

"Mjane gani?"

"Wa nyumba ya pili, anayemtaka mzee kwa nguvu. Nimemhoji na daftari mkononi. Mama wa watu kanifukuza na ufagio!"

Hapo nilicheka mimi. Nilicheka peke yangu, Sindano. Unajua mtu anapocheka peke yake chumbani? Kicheko kinazunguka, kinatafuta pa kukaa, hakipati kiti. Wale watatu walikuwa wananitazama, na hakuna aliyekasirika. Wangekasirika ningejua la kufanya. Mimi nimekasirikiwa na mabingwa.

Sista akasogeza kiti chake karibu. "Na huu mkono, baba, umevunjikaje?"

Nikafungua mdomo nitoe cha tano. Hakikuwepo. Nikatafuta kwenye rafu zote, duka tupu. Kupitia kioo cha mlango namwona Kishindo kwenye foleni, ameshika sweta langu, amelikunja vizuri kama la dukani.

Nikasema, "Aliukunja."

Baada ya hapo mengine yalitoka yenyewe, kama uzi ukikatika kwenye soli. Nilimwaga ndoo. Alikuwa ametoka kazini, hajalala. Akaushika mkono akaukunja nyuma mpaka ukalia. Halafu akalia yeye. Akaufunga na shati lake, akanibeba mgongoni mpaka zahanati, njia nzima ananiambia samahani mjomba, usiseme mjomba. Na haikuwa mara ya kwanza kunishika hivyo, ni mara ya kwanza mfupa kujibu. Nilisema na ya mlango. Vidonge Sista alishavijua kwa barua yako; Kishindo aliambiwa aje na dawa zangu zote, na pakiti yake ilikuwa mezani, akanionyesha: si dawa yangu, na kwa presha yangu vingenilaza moja kwa moja.

Binti wa ustawi akauliza, "Wewe unataka nini, baba?" Nilimtazama nione kama ananitania. Sijaulizwa hivyo tangu nianguke na kiharusi. Nikasema nataka fimbo yangu, nataka nilale kwangu, na nataka mtoto asifungwe. Akasema fimbo itashuka leo, na kulala kwangu watahangaika nako wote watatu mpaka kuwezekane. Hilo la mwisho haliko mikononi mwake wala mwangu, mfupa umevunjwa, lakini neno langu litaandikwa na litasikilizwa. Hakuniahidi uongo. Nilitamani aniahidi.

Askari akatoka nje kumwita. Kishindo hakubisha. Alimpa askari lile sweta, akasema, "Mjomba huona baridi jioni."

Nimesema kweli mara moja maishani, na tazama kilichotokea. Nimempoteza mtoto kwa mdomo wangu. Usiniandikie.

M.


18 Aprili

Kaka,

Umesema nisikuandikie. Lini nilikusikiliza?

Nilijua, ndiyo. Nilikuficha kwa sababu mwenye ufunguo wa mlango anaweza kuwa na ufunguo wa barua. Kasirika. Kukasirika kunataka mapafu, na mtu mwenye mapafu bado yupo.

Umesema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sawa, methali ni nzuri, na mimi naijua. Lakini linakula, kaka. Lilikuwa limeanza na mkono.

Umesema pia huna mtu mwingine. Nilipofika hapo niliweka miwani chini nikajiuliza, na mimi ni nani, kabati?

Kuhusu mtoto, nisikilize. Nimelia kwa ajili yake mpaka mteja mmoja akaondoka na gauni lake nusu. Yule aliyefunga mlango ndiye aliyekukunjia sweta, na mimi siwezi kumkata katikati nikabaki na upande ninaoutaka. Lakini alikuwa anapotea siku zote hizo, kidogo kidogo, kila alipokuumiza asubuhi na wewe ukamfutia kwa kichekesho jioni. Hakuna aliyewahi kumwambia hapana. Anakesha kazini, analea mgonjwa peke yake, hana wa kumpokea, na kila anayegonga mlango anaambiwa mambo ni mazuri. Hilo halimpi haki ya mkono wako. Mkono ni wako. Lakini kama sote tungeendelea kucheka, siku moja angekuua, kisha angekubeba mgongoni akiomba samahani.

Nimemwandikia Sista nimshukuru. Amenijibu mstari mmoja: umekataa uji na umemwambia daktari ana mikono ya mfinyanzi. Nililala usingizi usiku ule.

Nitakuja magoti yakiruhusu. Yasiporuhusu nitakuja hivyo hivyo.

Sindano


9 Mei

Sindano mdogo wangu,

Shikamoo yako ya barua iliyopita hukuiandika, na mimi nimeiona. Nitaidai ukifika.

Gundi ya siku hizi ni uji. Nimepaka soli moja mara tatu, ikakauka, ikabanduka kama imeitwa na mama yake. Fundi wa zamani alichemsha gundi mwenyewe, ikawa inashika hata kidole. Halafu hii ngozi wanayouza si ngozi, ni karatasi iliyosomea ngozi. Nina mengi ya kusema juu ya uzi wa nta, lakini nitayaweka kwenye ukurasa wa pili na wa tatu ili uyafurahie.

Niko nyumbani. Ilichukua siku kadhaa wodini mpaka vile vidonge vitoke mwilini, nikaamka nikagundua mchana una saa nyingi kiasi gani. Kitasa kimebadilishwa. Funguo zipo: mmoja ninao mimi shingoni kama mtoto wa shule, mwingine kwa muuza mkaa. Asubuhi anakuja mhudumu, kaka mmoja mnene mwenye sauti ya kike, ananiogesha kwa maji ya moto kana kwamba anachemsha viazi. Sista anapita Ijumaa kuangalia mkono na dawa. Binti wa ustawi anampigia Sista, Sista anampigia askari, nikipiga chafya huku wote watatu wanajua. Uhuru wa mtu kuwa na mafua yake umekwisha. Mjane amenisamehe kwa sharti nimshonee viatu bure mpaka nife, na anaonekana ananiombea maisha marefu.

Nimechelewesha la maana. Nimemwona Kishindo.

Kesi yake inaendelea. Ametoka kwa dhamana, haruhusiwi kukanyaga nyumbani, analala kwa mlinzi mwenzake, na kila wiki anakwenda kwa mshauri kuzungumza. Kukutana ni ofisini kwa binti wa ustawi, naye akiwepo, na ni mimi niliyeambiwa nichague kama nataka. Nilichagua ndiyo. Kisha hapana. Kisha nikachana nywele, nikaenda.

Alikuja amepiga pasi shati upande mmoja. Amekonda. Akakaa ng'ambo ya meza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

Binti wa ustawi akajifanya anatafuta kitu ndani ya ule mkoba wake, na mle ndani mtu anaweza kutafuta mpaka pensheni.

"Unakula?" akauliza.

"Nakula."

"Nani anakuogesha?"

"Kuna baba mmoja. Ananipika."

Akacheka kidogo, kicheko chake kile cha utotoni. Akanyoosha mkono juu ya meza anishike. Na mkono wangu, Sindano, ukajiondoa. Sikuutuma. Uliondoka wenyewe ukajificha kifuani, na plasta yake. Akaona. Akarudisha mikono yake taratibu akaikalia, mmoja chini ya kila paja.

"Mjomba, siku ile nilikuwa..."

Nilikuwa na maneno yake ulimini. Ulikuwa umechoka, mwanangu, hukulala, ndoo ilimwagika. Nimemmalizia sentensi hiyo mwaka mzima. Nikafunga mdomo. Unajua ni kazi gani mimi kufunga mdomo. Tukakaa hivyo mpaka binti wa ustawi akaacha kutafuta.

"Nilikuumiza," akasema mwenyewe.

"Ndiyo."

"Zaidi ya mara moja."

"Ndiyo."

Akalia, na hakuna aliyemnyamazisha. Nampenda, Sindano. Namwogopa pia. Vyote viwili vilikuwa vimekaa kiti kimoja na mimi, vinasukumana, na hakuna aliyeniambia nimfukuze mmoja. Alipojipangusa akauliza, sauti ndogo, "Nirudi lini nyumbani?"

Nikamgeukia binti wa ustawi anijibie, ana sheria zote mle mkobani. Naye akanitazama mimi. Akangoja, uso umetulia, kama mtu aliyeuliza njia kwa mwenyeji.

Nikasema, "Bado."

Sikuongeza kitu. Sikulipaka rangi wala kulifunga utepe. Nilidhani ataondoka, au nitakufa, au kitu kitaanguka. Akaitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili. Akasimama, akarudisha kiti chake chini ya meza, akafika mlangoni akageuka.

"Nije tena Jumanne?"

"Njoo," nikamwambia. "Na uje umekula."

Ni mimi kaka yako,
Msumari